Umeme wa Chipu Huliwa Njiani

Piga picha ya jani la muhogo, programu ya simu ikwambie kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Picha moja haina taabu. Piga mia mbili mfululizo, katikati ya shamba, jua la saa saba: simu itaanza kuchoma kiganja na betri itashuka ukiitazama. Wakulima huniuliza kama simu imeharibika. Haijaharibika. Joto hilo ni umeme unaopotea, na sisi wahandisi wa chipu kazi yetu kubwa ni kujua unapotelea wapi.

Mfumo mdogo wa kutambua picha, wa aina inayoundwa kwa ajili ya simu, hufanya hesabu takriban milioni 300 za kuzidisha na kujumlisha kwa picha moja tu. Kwa hiyo wengi hudhani hesabu ndizo zinazomaliza betri. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha vipimo vya chipu za nanomita 45 (kipimo cha udogo wa sehemu zake). Kujumlisha namba mbili za desimali za biti 32 kulitumia takriban pikojuli 0.9 (pikojuli ni sehemu moja ya trilioni ya juli, kipimo cha nishati). Kuileta namba moja ya biti 32 kutoka kwenye kumbukumbu iliyo nje ya chipu: takriban pikojuli 640. Ikiwa namba iko kwenye kumbukumbu ndogo ndani ya chipu yenyewe, ni kama 5.

Mwangalie kijana anayekaanga rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, pale Wandegeya, Kampala. Trei ya mayai iko mkono wa kushoto, kabichi na nyanya zimeshakatwa, madonge ya unga yamefunikwa kitambaa, chupa ya mafuta iko karibu na kikaango. Hainui mguu. Sasa mwambie kila yai alifuate soko la Kalerwe kwa boda, arudi, alivunje, kisha aende tena. Kuvunja yai kukiwa sekunde moja, basi kwa uwiano wa Horowitz safari ni karibu dakika kumi na mbili. Hivyo ndivyo kichakataji cha kawaida kinavyohangaika na mifumo hii, na juu ya hapo kila amri inapaswa kusomwa na kufasiriwa kabla ya kutekelezwa. Hiyo nayo ina bei yake.

Chipu za kuchapuza kazi ya ujifunzaji wa mashine, kama huu wa kutambua picha, zimejengwa ili kukwepa safari hizo. Wazo lenyewe ni la zamani. H. T. Kung na Charles Leiserson walilieleza mwaka 1978: panga vikokotozi vidogo kwa safu, kila kimoja kifanye hesabu yake kisha kimpe jirani namba, zote zikisogea kwa mpigo mmoja kama damu inavyosukumwa na moyo. Namba ikishaingia hutumiwa na wengi kabla ya kutoka. Google walilitumia katika TPU, chipu yao ya kazi hii, ile ya kwanza, iliyoanza kazi mwaka 2015: safu 256 kwa 256, yaani vikokotozi 65,536. Ninachowaonyesha wanafunzi kwanza ni ramani ya chipu ile. Kumbukumbu ya kazi peke yake ilichukua eneo kubwa kuliko vikokotozi vyote, na sehemu ya kuongoza amri haikuzidi asilimia 2.

TPU ile ilitumia namba kamili za biti 8. Kujumlisha kwa biti 8 kulikuwa pikojuli 0.03 katika vipimo vile vile, na namba nne husafiri mahali pa moja. Mara nyingi mfumo hupoteza usahihi kidogo sana, lakini pima, tena usipime wastani pekee. Mkusanyo wa picha za muhogo uliotolewa na maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere una picha zaidi ya 21,000, na zaidi ya nusu ni batobato. Mfumo mvivu unaojibu "batobato" kila mara ungepita nusu ya mtihani bila kuangalia jani hata moja! Pima kila ugonjwa peke yake, kabla na baada ya kupunguza biti.

Kukuza chipu ni suala jingine, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukimwongezea yule kijana vikaango ishirini huku mayai yakiletwa na mtu mmoja, vikaango kumi na tisa vitakaa bure juu ya mkaa unaowaka. Safu pana ya 256 ikipewa kazi inayojaza nguzo (mistari ya wima) 64 tu, robo tatu yake haina kazi. Ndiyo maana napendelea safu ndogo kadhaa, kila moja na kumbukumbu yake kando, kuliko jitu moja. Wako wasiokubaliana nami, hasa wanaojenga vituo vikubwa vya data, ambako chipu moja kama H100 ya Nvidia huweza kufikia wati 700.

Mimi nawazia betri ya volti 12, saa-ampea 7, ile ya sola ndogo. Ina wati-saa 84, na ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu. Kamera ya shambani inayokula wati 10 itazimika baada ya saa nne. Ikila wati 2 itafika saa 21, yaani inavuka usiku na asubuhi ya mawingu.

Kiwanda cha chipu hatuna, wala sioni haja ya kukisubiri. Kuna chipu za FPGA, ambazo saketi zake hupangwa upya kwa programu ukiwa mezani, na tangu mwaka 2020 kanuni za usanifu za nanomita 130 za SkyWater, kiwanda cha chipu cha Marekani, ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. Mwanafunzi akiniletea mchoro, siulizi una vikokotozi vingapi. Namwomba anihesabie kila namba inasomwa mara ngapi kutoka nje. Wengi hurudi wiki inayofuata na mchoro mwingine.