Si kila a6 ni Najdorf

Kila Mweusi anaposogeza kitunda hadi mraba wa a6, kwenye mabaraza ya sataranji hapa Unguja na hata katika michezo ya simu, utasikia: "Huyo kacheza Najdorf!" Sivyo. Najdorf ni tawi moja tu la Kinga ya Sisilia, yaani Mweusi kujibu e4 kwa c5, na hatua zake zinajulikana. Mweupe e4, Mweusi c5. Farasi f3, kitunda d6. Mweupe d4, kitunda cha Mweusi cha c kinakila, farasi analipiza hapo d4. Farasi wa Mweusi f6, farasi wa Mweupe c3. Hapo ndipo inapokuja a6, hatua ya 5. Jina ni la Miguel Najdorf, Mpoland aliyekwenda Buenos Aires kwenye Olimpiadi ya 1939, vita vikalipuka Ulaya, akabaki Argentina.

Wengi husema a6 ni ya kuandaa b5. Hiyo ni nusu. Tazama kitunda cha e: bado kiko e7. Mweusi anatamani e5 amfukuze farasi wa d4, lakini akiikimbilia e5 kwenye hatua ya 5, askofu wa Mweupe anaruka b5 na kumshambulia mfalme. Mweusi akikinga kwa askofu d7, maaskofu wanalana, na askofu huyo wa Mweusi, mlinzi mkubwa wa d5, keshatoka ubaoni. Farasi wa Mweupe atajikalia pale. Ndiyo maana b5 hufungwa kwanza kwa a6. Baada ya hapo Mweusi anachagua e5 au e6 kwa kuangalia Mweupe kapanga nini. Uhuru huo wa kuchagua ndio Najdorf khasa.

Na ni kali kweli. Reykjavik 1972, pambano la ubingwa wa dunia, mchezo wa 11, malkia wa Mmarekani Fischer, aliyecheza Mweusi, alikula kitunda cha b2, kile kiitwacho chenye sumu. Hatua ya 14 Spassky, bingwa wa wakati huo aliyecheza Mweupe, akamrudisha farasi b1, nyumbani kabisa, na hatua ya 24 kitunda chake kikasogea a4 na kumnasa malkia huyo.

Sasa, mwenzako akicheza e6 hatua ya 2, na a6 hatua ya 4, huku d6 haijaguswa, hiyo ni Kan, tawi jingine la Sisilia. Askofu wake wa f8 ana njia ya kwenda c5 au b4, njia ambayo kwenye Najdorf d6 imeiziba. Muoneshe taratibu kwenye ubao, ataiona mwenyewe.