Laiki Elfu Tano Facebook, na Google Bado Haikujui

Naanza na hii manake ndiyo inakula pesa za wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu kuliko zingine zote: ati ukiwa na mafolowa wengi na laiki nyingi, Google itakupandisha ukurasa wa kwanza. Kuna vijana wanazunguka madukani, kuanzia Kibuye mpaka huku katikati ya mji, wanamwambia mama wa saluni atoe pesa waongezee peji yake mafolowa elfu kadhaa halafu Google imuone. Anatoa. Mafolowa wanakuja kweli, watu wa nchi za mbali ambao hakuna siku watasukwa nywele Kondele, na mteja akitafuta saluni Google, yeye bado hayuko.

Ukweli: Google haihesabu laiki zako. Matt Cutts, aliyekuwa anaongoza kitengo cha Google cha kupambana na wanaochezea matokeo, alieleza kwa video Januari 2014 kwamba peji za Facebook na Twitter wanazichukulia kama ukurasa mwingine wowote wa mtandaoni, na idadi ya mafolowa ama laiki haiingii kwenye kupanga nani awe juu. Akatoa na sababu, kwamba mitandao hii inaweza kuwafungia mlango wasiisome, na pia kile walichosoma leo mwenyewe anaweza kukibadilisha kesho. Kwa hivyo anayekuuzia mafolowa kwa jina la Google anakuuzia hewa, na inaniuma sana manake hiyo pesa ingelipa stoki.

Ya pili inafanana na hiyo. Mtu anabandika linki ya websaiti yake kwa kila grupu na kila komenti, akiamini kila linki ni kura ya kumpandisha Google. Linki nyingi za mitandao ya kijamii zimewekwa alama inaitwa nofollow, inayoambia Google isiihesabu hiyo linki, ilianzishwa 2005 kuzima watu waliokuwa wanajaza komenti na linki za takataka. Mwaka 2019 Google walisema wataichukua kama dokezo tu, si amri, lakini usijenge biashara juu ya dokezo. Na zile unazotupa kwa grupu lililofungwa, Google hata haiingii humo.

Sasa, kuna wanaosikia hivyo wanakimbilia upande ule mwingine, eti basi mitandao na Google havina uhusiano wowote, wacha nifunge TikTok. Hapana. Uhusiano upo, ni vile tu unapita kwa watu. Chukua mwenye hoteli ya samaki pale Dunga. Anaweka video ya ngege akikaangwa, mtu ako Nakuru anaiona, anacheka, anapita. Wiki mbili baadaye amepanga safari ya Kisumu, jina la hoteli liko kichwani, anaenda Google anaandika lile jina. Ama mwandishi wa mambo ya utalii anaiona hiyo video, anaandika habari kwa websaiti yake na kuweka linki ya hoteli, na hiyo ndiyo linki yenye uzito kwa Google. Laiki haikufanya kitu, mtu aliyeona ndiye alifanya.

Na peji yenyewe inaweza kutokea kwa matokeo, hata kama huna websaiti. Mtu akiandika jina la biashara yako mara nyingi Facebook yako iko hapo juu kabisa. Tangu Julai 2025 hata Instagram wameruhusu Google kuonyesha picha na video za akaunti za biashara zilizo wazi. Hapa ndipo naomba tusikizane, manake hii tabia yetu ya kuandika "mali mpya imefika, bei inbox" inatuua. Google haiwezi kusoma inbox yako! Hata picha yako ikiwa safi namna gani, kama maneno yaliyo chini yake ni emoji tatu za moto na "njoo inbox", hakuna mtu atakupata kwa kutafuta. Andika kitu chenyewe: viatu vya shule vya ngozi, saizi hizi, bei hii, duka liko Kibuye, Kisumu. Andika maneno ambayo mteja angeandika yeye mwenyewe akiwa na shida. Stetasi ya WhatsApp nayo ni nzuri kwa wateja ulio nao tayari, lakini ndani ya saa 24 imepotea na Google haikuwahi kuiona.

Hashitagi? Zinasaidia kidogo ndani ya app husika. Hata zikiwa nyingi namna gani chini ya posti moja, hazikupandishi Google.

Kulipia posti isambae pia watu wanachanganya. Pesa unayolipa Facebook haigusi Google hata kidogo, na hata ukilipa matangazo ya Google yenyewe, unapata ile nafasi iliyoandikwa kwamba ni tangazo, matokeo ya kawaida hayasongi. Pesa ikiisha nafasi imeisha.

Halafu hii ya "nitakuhakikishia namba moja Kisumu". Kwa utafutaji wa biashara za mtaani, Google wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu: unavyolingana na kinachotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Hiyo ya umbali pekee inavunja ahadi, manake fundi wa friji anayetokea wa kwanza kwa mtu aliye Kondele anaweza kuwa wa nne kwa mtu aliye Milimani. Na usijipime kwa kuandika jina lako mwenyewe kwa simu yako mwenyewe, mara nyingi utatokea. Mteja mgeni halijui jina lako, anaandika "fundi wa friji Kisumu". Jipime na hayo.

Kinachosaidia hapo ni Google Business Profile, ile sehemu ya maelezo ya biashara yako inayotokea kwa Google na kwa ramani yake, na kuifungua ni bure. Jina, namba ya simu na mahali vifanane na vilivyo Facebook na Instagram, si huku Kondele kule Mamboleo, namba ya zamani hapa na mpya pale. Weka saa za kufungua, picha za kweli, na uombe wateja waseme walivyohudumiwa, kisha uwajibu, hata yule aliyelalamika. Lakini usimpe mtu soda ya bure ama diskaunti ili akupe nyota tano, Google wamekataza, na maoni ya kununua wanaweza kuyafuta.

Kama kuna mtu alikufungulia hiyo profile, angalia leo iko kwa imeili ya nani. Wengi wamefunguliwa kwa imeili ya yule kijana, siku wakikosana anabadilisha namba ya simu na wateja wanapigia mtu mwingine. Mwambie akuhamishie umiliki, yeye abaki msimamizi tu. Akikataa ama akipotea, Google wana njia ya kuomba umiliki: tafuta biashara yako kwa ramani, bonyeza sehemu ya kudai kwamba ni yako, ufuate maelekezo mpaka mwisho.