Elimu kwa umma: Punguzo la PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) likijadiliwa bungeni, nini hasa hubadilika kwenye slipu ya mshahara

Kila mwaka, kuanzia Mei Mosi hadi Bunge la bajeti linapoahirishwa mwishoni mwa Juni, madawati yetu ya huduma kwa mlipakodi hupokea swali lile lile: wabunge wamesema kodi ya mshahara ipungue, mbona mimi nimekatwa kama mwezi uliopita? Jibu fupi ni kwamba kusema si kutunga sheria. Jibu refu linahitaji hesabu kidogo, na tunaomba msomaji awe na slipu yake ya mshahara mkononi.

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi vimo katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332. Ahadi ya jukwaani, mchango wa mbunge, hata hotuba ya Waziri wa Fedha, havigusi jedwali hilo. Linalobadilishwa na Sheria ya Fedha ndilo linalobadilika: muswada husomwa, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau, wabunge huchangia, jedwali la marekebisho huletwa, Kamati ya Bunge Zima hupitia kifungu kwa kifungu, kisha Rais husaini. Kwa kawaida mabadiliko huanza tarehe 1 Julai. Mwaka 2016 punguzo la kiwango cha chini kutoka asilimia 11 hadi 9 lilitangazwa Mei Mosi Dodoma, na mwaka 2021 lile la kutoka 9 hadi 8 lilitangazwa Mei Mosi Mwanza. Mara zote mbili, mshahara wa Mei ulikatwa kwa kiwango cha zamani, na hilo lilikuwa sahihi.

Wengi pia hudhani mbunge hana ruhusa kabisa ya kugusa kodi bila Serikali. Si hivyo. Ibara ya 99 inataka mambo ya kutoza au kubadilisha kodi yaletwe kwa pendekezo la Rais kupitia Waziri, lakini maneno yenyewe yanaongeza "isipokuwa kupunguza". Kizuizi cha mbunge anayetaka punguzo ni hesabu: bajeti inapofika mezani mapato na matumizi vimeshalinganishwa, kwa hiyo atakayetoa upande mmoja ataulizwa pengo linazibwa na nini.

Sasa tuje kwenye namba. Kwa Tanzania Bara, viwango vilivyoanza Julai 2021 kwa mwezi ni hivi. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni hiyo.

Neno la kushika hapo ni "kinachozidi". Bado tunakutana na watumishi, tena wasomi, wanaoogopa nyongeza ya mshahara kwa kuamini kwamba wakivuka milioni moja mshahara wote utakatwa asilimia 30. Hapana, na haijawahi kuwa hivyo. Kipato kinachotozwa kikipanda kutoka 1,000,000 hadi 1,050,000, kodi inatoka 128,000 kwenda 143,000. Nyongeza ya 50,000 imetozwa 15,000, na 35,000 zimebaki kwako. Hakuna mstari katika jedwali hili ambao ukiuvuka unaondoka na pungufu ya ulichokuwa nacho.

Kutokana na muundo huo, punguzo la asilimia moja katika kiwango cha chini lina ukomo. Lile la 2021 liligusa fungu la shilingi 250,000 tu, lililo kati ya 270,000 na 520,000. Asilimia moja yake ni 2,500. Mwenye kipato cha 600,000 alipata 2,500 kwa mwezi, na mkurugenzi wa milioni kumi naye alipata 2,500. Aliyekuwa na 400,000 alipata 1,300. Aliyetegemea zaidi hakudhulumiwa na mtu, hakupiga hesabu.

Linganisha na mwaka uliotangulia, ambao haukupigiwa makofi mengi kwa sababu asilimia hazikuguswa. Hadi Juni 2020 kima kisichotozwa kilikuwa 170,000, na asilimia 30 ilianzia 720,000. Sheria ya Fedha ya 2020 ilisogeza mipaka yote na kuacha viwango kama vilivyokuwa. Kipato kinachotozwa cha 1,000,000 kilikuwa kikikatwa 182,100, kikashuka hadi 130,500: nafuu ya 51,600 kila mwezi. Kipato cha 400,000 kilitoka 25,100 hadi 11,700. Wa 250,000 alikuwa akilipa 7,200, akaacha kulipa kabisa. Wakati mjadala mzima unazunguka "tarakimu moja", yaani kiwango cha chini kisichofika asilimia 10, mipaka ndiyo iliyobeba uzito.

Chukua mfano wa hesabu tu, si pendekezo la yeyote. Kiwango cha chini kikishushwa kutoka 8 hadi 7, mwenye kipato cha 300,000 anaokoa shilingi 300. Kima kisichotozwa kikipandishwa kutoka 270,000 hadi 300,000 na mengine yote yakabaki, mtu huyo huyo anaokoa 2,400, na kila aliye juu yake pia 2,400. Kwa wa 520,000 na kuendelea njia hizi mbili zinakaribia kulingana, lakini kwa wa chini tofauti ni mara nane. Punguzo katika kiwango cha asilimia 30 nalo halimfikii yeyote aliye chini ya milioni. Kwa hiyo ukisikia "kodi ipungue", uliza kwanza: kiwango kipi, na mpaka upi?

Mipaka isiposogea, mishahara ikipanda, kodi hupanda yenyewe bila Bunge kupiga kura. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Ukitoa mchango wa mtumishi wa asilimia 5 kwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kipato kinachotozwa kimetoka 351,500 hadi 475,000, na PAYE imetoka 6,520 hadi 16,400. Mtumishi ameongezewa, hilo halina ubishi. Ila makato yake ya kodi yamezidi maradufu, na hakuna aliyekiuka sheria.

Hapa tuwageukie waajiri, kwa kuwa malalamiko mengi yakichunguzwa huishia kwenye meza ya mhasibu.

Kodi hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, si kabla. Kwa mshahara ghafi wa 900,000 katika sekta binafsi, NSSF ya asilimia 10 ni 90,000, kipato kinachotozwa ni 810,000, na kodi ni 68,000 jumlisha 12,500, yaani 80,500. Mhasibu aliyetoza juu ya 900,000 nzima atakata 103,000. Mfanyakazi amepoteza 22,500 kila mwezi, mara tisa ya nafuu yote ya 2021, huku akilaumu Bunge.

Kosa la upande wa pili ni kutoa marejesho ya HESLB kabla ya kodi. Deni la mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hukatwa kwenye mshahara lakini halipunguzi kipato kinachotozwa. Vivyo hivyo mkopo wa SACCOS na ada ya chama cha wafanyakazi. Katika mfano wetu, 135,000 za HESLB zikitolewa mapema kodi itaonekana kuwa 51,000, pungufu ya 29,500. Pungufu hiyo tutaidai kwa mwajiri, kwa sababu sheria humhesabu mwajiri asiyekata kuwa anadaiwa kana kwamba alikata. Kwamba wafanyakazi wenyewe walifurahia si utetezi.

Kosa la tatu hujitokeza kila sheria mpya inapoanza: mtu anabadili asilimia kwenye programu ya mishahara na kusahau namba za kuanzia. Mwaka 2021 kubadili 9 kuwa 8 hakukutosha. Namba za 22,500, 70,500 na 130,500 zilipaswa kuwa 20,000, 68,000 na 128,000. Asiyezibadili alikata sawasawa kwa wa chini ya 520,000, na akazidisha 2,500 kwa kila aliye juu. Kwa ofisi yenye watu mia moja wa ngazi hiyo, ni 250,000 kwa mwezi zisizo halali.

Mwenye ajira ya pili ajue kwamba mwajiri wa pili hukata asilimia 30 moja kwa moja, bila kupitia ngazi. Punguzo la kiwango cha chini halimhusu huko. Wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa makadirio ya mauzo nao wana jedwali lao, na PAYE ikipungua wao hawaguswi. Mfanyabiashara binafsi anayelipa kwa faida iliyo kwenye hesabu zake hutumia viwango vya mtu binafsi kwa mwaka, ambapo kima kisichotozwa ni 3,240,000, hivyo yeye huguswa.

Malipo ya PAYE yafike ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Ukichelewa kulipa, riba huhesabiwa na kujumlishwa kila mwezi, nayo huzaa riba. Ritani ikichelewa, adhabu ni asilimia 2.5 ya kodi isiyolipwa au kiasi maalumu kilichowekwa kisheria, chochote kilicho kikubwa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Siku moja ya kuchelewa huhesabiwa mwezi. Kusubiri Bunge limalize mjadala si sababu ya kutokata, na kukata kwa kiwango "kinachotarajiwa" ni kukata pungufu.

Mfanyakazi anayeshuku makato yake aanze na mistari mitatu ya slipu: mshahara ghafi, mchango wa mfuko, PAYE. Toa wa pili kwenye wa kwanza, pitisha kinachobaki kwenye jedwali hapo juu. Namba zikikataa kulingana, andika barua kwa mwajiri ukiambatisha slipu za miezi husika, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipojibu, leta nakala hiyo ofisi ya kodi ya mkoa wake. Bila slipu hatuna cha kukokotoa, na picha ya ujumbe wa benki haitoshi, maana huonyesha kilichoingia tu na si kilichokatwa.