Je, wajua kwanini anayesomea ualimu wa shule ya msingi afikirie kuchukua jiografia kama somo la pili?

Muulize mtoto wa miaka tisa kwanini kuna kipindi cha joto na kipindi cha baridi, kuna uwezekano mkubwa akujibu kwamba wakati wa joto dunia inakuwa imesogea karibu na jua. Jibu linaingia akilini kabisa, manake ukikaa karibu na moto si unapata joto. Tatizo sio kweli, na wapo watu wazima wengi tu wenye jibu hilohilo, wakiwemo walimu. Dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Yaani pale Ulaya wanapotetemeka kwa baridi ndio jua liko jirani kuliko mwezi mwingine wowote! Kinacholeta majira ni kwamba mhimili wa dunia umeinama, nyuzi 23.5 hivi, kwahiyo miezi kadhaa nusu ya kaskazini inaelekezwa juani, inapigwa na miale iliyosimama wima zaidi na siku zinakuwa ndefu, halafu miezi mingine ni zamu ya kusini.

Nimeanza na hilo kwasababu naona ndani yake kuna karibu jibu lote la swali letu.

Anayesomea ualimu wa msingi chuoni ana kozi yake kuu, mambo ya makuzi ya mtoto, mbinu za kufundisha kusoma, kuandika na hesabu, halafu vyuo vingi vinamruhusu au kumtaka achague fani nyingine ya pembeni, ndio hiyo wanayoiita maina, kozi chache tu, tano sita hivi kutegemea na chuo. Wengi hapo wanakimbilia lugha au hisabati. Jiografia inaachwa kwasababu watu wanaikumbuka kama somo la kukariri miji mikuu na majina ya milima, na kama ingekuwa hivyo kweli hata mimi ningekwambia usiichukue, majina yote hayo unayapata kwenye simu ndani ya sekunde.

Kazi kubwa ya mwalimu wa watoto wadogo ni kurahisisha. Kila kitu anachofundisha kinatakiwa kipunguzwe mpaka kitoshe kwenye kichwa cha mtoto wa miaka saba, nane. Sasa kuna kurahisisha na kuna kudanganya, na mwalimu asiyejua anachokiacha nje hawezi kuona amevuka mpaka wapi. Ukimwambia mtoto "jua la mchana linachoma kuliko la asubuhi kwasababu linatupiga kutoka juu kabisa" umerahisisha, na mwalimu wa sekondari atakuja kujenga juu ya hapohapo. Ukimwambia jua limesogea karibu umempandia kitu ambacho mwenzako atahangaika kuking'oa, na vitu vya utotoni vina mizizi. Ile fani ya pembeni inakupa huo ujuzi wa kilichobaki nje, sio ili ukawamwagie watoto wote, hapana, ni ili ujue ukate wapi.

Angalia jangwa. Kitabu cha watoto kitachora vilima vya mchanga, ngamia, jua kali, basi. Ila jangwa maana yake ni sehemu inayopata mvua au theluji kidogo sana, kipimo kinachotumika mara nyingi ni chini ya milimita 250 kwa mwaka, na kwa kipimo hicho jangwa kubwa kuliko yote duniani ni Antaktika iliyofunikwa na barafu, ina kilomita za mraba milioni 14 hivi, wakati Sahara ina kama milioni 9. Na hata Sahara yenyewe sehemu kubwa ni mawe, changarawe na miamba mitupu. Mwalimu anayelijua hilo hahitaji kuongeza somo jipya, anabadilisha sentensi moja tu, badala ya kusema jangwa ni mahali penye joto na mchanga anasema jangwa ni mahali pakavu, na mtoto anaondoka na kitu cha kweli ambacho kitamfaa mpaka uzeeni.

Kwenye ramani ndio utamu wenyewe, niruhusu nikae hapa kidogo. Ramani ya dunia iliyozoeleka ukutani kwenye madarasa mengi kwa miaka mingi ilitoka kwenye ile aliyoichora Gerardus Mercator mwaka 1569, na aliichora kwa ajili ya mabaharia, kwasababu ukipiga mstari ulionyooka juu yake unapata uelekeo mmoja wa dira kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho. Kwa kazi hiyo ni ramani nzuri sana. Ila dunia ni tufe na karatasi ni bapa, huwezi kulilaza tufe kwenye karatasi bila kuvuta mahali, na Mercator alivuta kuelekea kwenye ncha za dunia, kaskazini na kusini, ndio maana Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14 hivi (kilomita za mraba milioni 30 kwa milioni 2 na kidogo). Mtoto aliyeitazama ramani hiyo kila siku kwa miaka sita bila mtu wa kumwambia kitu atakuwa amejifunza uongo kuhusu ukubwa wa mabara, na wala hakuna aliyekusudia kumdanganya. Mwalimu aliyesoma jiografia anaweka tufe pembeni ya ramani, anawaambia watoto watafute kisiwa kilekile kwenye vyote viwili, halafu anakaa kimya awasikilize.

Na hili la kaskazini kuwa juu. Watoto wengi wanaamini kaskazini ni juu kabisa, kule mbinguni, na kwahiyo mito yote inatelemka kwenda kusini, sasa wakikutana na mto Nile unaoelekea kaskazini wanauliza maji yanapandaje? Hilo swali sio la kijinga, ni swali la mtu aliyefikiri vizuri kwa taarifa alizopewa. Ramani maarufu ya mwanajiografia al-Idrisi aliyoimaliza mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sicily iliweka kusini juu, na ramani nyingi za Ulaya ya zamani ziliweka mashariki. Ni makubaliano tu ya wachoraji. Kwahiyo kwa watoto, ramani ya kwanza ilazwe sakafuni, sio kutundikwa ukutani, igeuzwe mpaka kaskazini yake itazamane na kaskazini halisi, watoto wasimame juu yake. Kitu kidogo namna hiyo kinazuia mkanganyiko mkubwa, ila kukifikiria mpaka uwe umeshakaa na ramani na kuihoji.

Kuna jambo lingine ambalo fani hii ikiunganishwa na kozi za makuzi ya mtoto linakuwa wazi sana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa makuzi ya watoto, na mwenzake Anne-Marie Weil waliandika mwaka 1951 kuhusu watoto wa Geneva, mji wa Uswisi, waliokuwa wanaulizwa kama wao ni Waswisi, na wadogo wengi walikuwa wanajibu hapana, mimi ni mtu wa Geneva, haiwezekani kuwa vyote viwili. Yaani mji kuwa ndani ya nchi na nchi ndani ya bara, kitu ambacho kwako hakina hata mjadala, kwa mtoto wa miaka sita ni mtihani mzito. Mwalimu asiyelijua hili ataendelea kurudia "mji wetu uko ndani ya nchi yetu" kwa sauti ya juu zaidi, anayelijua atachukua maboksi matatu ya saizi tofauti, aandike jina la mji kwenye dogo, nchi kwenye la kati, bara kwenye kubwa, halafu awaachie watoto wayapangie wenyewe moja ndani ya jingine.

Faida ya ratiba nayo ipo. Mwalimu wa msingi mara nyingi anafundisha masomo karibu yote, na jiografia inaingia kwenye kila moja bila kulazimishwa. Skeli ya 1:50,000 ni hesabu ya uwiano, sentimita moja kwenye ramani ni nusu kilomita ardhini. Mvua na udongo ni sayansi, kumuelekeza mwenzako njia ni lugha, historia bila ramani inabaki majina yanayoelea hewani.

Mfano mmoja ninaoupenda sana ni wa Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa zamani, huyo ndiye anayetajwa kama aliyebuni neno lenyewe jiografia, maana yake kuandika au kuchora dunia. Karne ya 3 kabla ya Kristo alisikia kwamba huko Syene, ambako leo ni Aswan, siku moja ya mwaka jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa na vitu havina kivuli, lakini Alexandria siku hiyohiyo kivuli kipo. Akapima pembe ya kile kivuli akapata sehemu moja ya 50 ya duara, umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa stadia 5,000 (kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale), akazidisha mara 50 akapata mzingo wa dunia nzima, stadia 250,000. Fimbo, kivuli na kuzidisha, basi! Watoto wa miaka kumi wanaweza kusimamisha fimbo uwanjani, kupima kivuli kila saa na kuona chenyewe kinavyofupika mpaka mchana halafu kinarefuka upande wa pili, na siku hiyo kuzidisha kunaacha kuwa adhabu.

Upande wa jiografia ya watu nao usiuchukulie poa. Watoto wanapokea picha moja ya kila mahali, huku kila mtu anaishi kwenye barafu, kule wote ni maskini, na picha hiyo ikikauka kichwani ndio mwanzo wa kuwadharau watu ambao hajawahi kuwaona. Kozi za idadi ya watu, miji, uhamaji na biashara zinamzoesha mwalimu kuuliza watu gani hasa, wa sehemu gani ya nchi hiyo, na kwanini wanaishi hivyo. Mimi binafsi naona hili ni zito kuliko hata lile la majira.

Na kama mtu anadhani mtoto mdogo hawezi kubeba jiografia ya kweli, kuna habari ya Tilly Smith, msichana wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 10 tarehe 26 Desemba 2004, yuko ufukweni Mai Khao huko Phuket, Thailand, na familia yake. Akaona bahari inatoa povu na maji yanafanya vitu visivyo vya kawaida. Wiki mbili hivi kabla ya hapo darasani kwao walikuwa wamefundishwa tsunami kwenye somo la jiografia wakaonyeshwa na video, akatambua dalili ni zilezile, akawapigia kelele wazazi wake, baba yake akamwambia mlinzi wa hoteli, watu wakaondolewa, na ufukwe ule haukupoteza mtu. Mwalimu wake hakuwafundisha vile akitegemea yatatokea, alifundisha tu kwa usahihi.

Sasa kama uko chuoni unachagua, usijaze nafasi zako zote kwa kozi za aina moja. Chukua ya hali ya hewa na maumbo ya ardhi, chukua ya watu na makazi, chukua ya ramani (za kompyuta ni nzuri ila hakikisha umeshachora angalau moja kwa mkono, kwa kupima kwa hatua, kwasababu hivyo ndivyo wanafunzi wako watakavyoanza). Ukikuta kozi ya kutoka nje, ya kupima kasi ya mto kwa kitu kinachoelea na saa, kuchimba udongo na kuutazama tabaka kwa tabaka, hiyo ichukue hata kama ratiba inabana, ni kazi utakayokuja kuirudia na watoto wako karibu kama ilivyo.