Kuchomelea bodi ya gari nyumbani: kazi ni kulidhibiti joto

Mtu akitaka kuziba tundu la kutu kwenye mlango au matigadi, swali lake la kwanza huwa ni mashine gani anunue. Mimi huanza kwingine. Bati la bodi ya magari mengi lina unene wa kati ya milimita 0.7 na 1. Bati jembamba hivyo hutoboka kwa kupepesa macho, na hata lisipotoboka, hupinda. Nimeona milango mingi iliyozibwa vizuri kabisa lakini imebonyea kuzunguka kiraka, na kosa halikuwa la mashine.

Ukichoma sehemu moja, chuma cha hapo kinataka kutanuka, lakini bati baridi linalokizunguka linakibana. Kwa kuwa hakina pa kwenda, kinajisukuma na kunenepa palepale. Kikipoa kinasinyaa, na sasa kinakuwa kifupi kuliko kilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Ufupi huo ndio unaovuta bati zima na kulipinda. Ukielewa hilo, mengine yote ninayoeleza hapa utaona yanatoka wapi.

Mashine inayofaa ni MIG, ile inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi. Argoni ikiwa asilimia 75 hadi 80 utaridhika. Waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, unafanya kazi lakini huchoma kwa joto kali zaidi na huacha takataka nyingi. Mashine ya fito, ile inayotumia vijiti vya kuchomelea, iache kwa ajili ya mageti.

Kabla ya kukata chochote, jua unakata nini. Mlango, matigadi, sakafu ya buti: hayo fundi makini wa nyumbani anayaweza. Nguzo za kati ya milango, chesi na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa, usiguse. Kwenye magari ya kisasa nguzo hizo mara nyingi ni chuma kigumu sana kilichopatiwa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Ukikichomelea, pale palipopata joto panalegea, na kwa macho hutaona tofauti yoyote. Hapo nasisitiza bila kuona haya: mpelekee mwenye vifaa na maelekezo ya mtengenezaji wa gari.

Kata kutu mpaka ufike kwenye bati zima, linalong'aa pande zote mbili. Kulichomelea bati lililoliwa ni kujitafutia matundu mapya. Kiraka kikate kwa bati la unene uleule, na pembe zake zizungushe, kwa sababu kwenye pembe kali joto na mvutano hujikusanya. Napenda kiraka kikae sawa na bati, ukingo kwa ukingo, na pengo kati yao lisizidi unene wa waya. Kukilaza juu ya bati ni rahisi zaidi, ila unaacha mfuko mwembamba unaoshika maji. Rangi na zinki viondoe sentimita 2 au 3 kuzunguka ukingo, nyuma pia ukifikia. Moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka.

Sasa doti, yaani kuchomelea nukta moja moja. Anza na doti moja kila upande, kama mshonaji anavyobana kitambaa kwa pini kabla ya kukishona. Bonyeza swichi ya tochi, ule mkono wa mashine unaotoa waya, kwa muda usiofika sekunde moja, achia. Tazama wekundu ukififia mpaka uishe. Halafu nenda upande wa pili kabisa wa kiraka upige nyingine. Usipige doti mbili jirani zikifuatana. Zikifika umbali wa sentimita 2 au 3 kati yao, anza kujaza katikati, kila mara ukiruka mbali na pale ulipotoka. Kipimo changu ni kiganja: nikishindwa kukiacha juu ya bati karibu na kazi, naweka tochi chini na kusubiri. Hakuna mstari mrefu wa kuchomelea kwenye bodi. Kuna doti nyingi zilizogusana.

Ukiweza kufika nyuma, shikilia kipande cha shaba pale unapochoma. Shaba hunyonya joto, na chuma kilichoyeyuka hakishikamani nayo kirahisi. Ukiona bati limeanza kuvutwa, weka chuma kizito nyuma ya doti na uzigonge taratibu kwa nyundo kutoka mbele. Kugonga huko kunatandaza chuma kilichosinyaa na kukirudishia urefu wake.

Kusaga nako ni joto. Watu huvumilia saa nzima za doti, kisha wanapindisha bati kwa grainda ndani ya dakika moja. Tumia diski ya msasa, saga kidogo, hama, rudi.

Usalama sitaufupisha. Tenganisha waya hasi wa betri, na klempu ya athi, yaani kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, ibane karibu na kazi. Mabomba ya mafuta yaliyo karibu yaondoe. Tangi pia, na lililo tupu usilidharau, kwani kinacholipuka ni mvuke wa petroli. Ng'oa zulia, sponji na plastiki za upande wa pili, maana moto mwingi huanzia usikotazama. Kizimamoto kiwe mkononi, na ukimaliza kaa hapo nusu saa nzima ukinusa na kupapasa. Maski ivaliwe kwa kila doti, hata ile moja ya haraka. Macho yaliyoungua kwa mwanga wa kuchomelea huanza kuuma saa kadhaa baadaye. Na usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea: mwanga na joto la tochi huigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoua. Mimi hutumia asetoni kwenye kitambaa, na siwashi mashine kabla haijakauka kabisa na kopo halijaondolewa.

Mwisho ni kutu. Usipake puti juu ya kuchomelea kulikobaki na vitundu ukidhani umeziba. Puti hunyonya unyevu, na uvimbe utatokea chini ya rangi. Mulika taa nyuma ya kiraka gizani, na kila nukta ya mwanga uipige doti. Paka praima ya epoksi, kisha puti isiyozidi milimita 3. Nyuma ya kiraka, ambako praima ya awali iliungua ulipochomelea, pulizia nta ya kuzuia kutu baada ya rangi kukauka. Kwenye mlango, hakikisha nta haijaziba matundu ya chini ya kutolea maji.