Marekebisho ya shule kwa kijana mwenye usonji: maana yake hasa

Mvua ya masika ikipiga bati la darasa kule Kisauni, mwalimu hunyamaza akangoja. Hakuna anayemlaumu. Wanafunzi huchungulia dirishani, na mvua ikipungua somo linaendelea. Shule imeshakubali, bila kikao wala barua, kwamba kuna kelele ambazo mtu hawezi kusoma ndani yake. Sasa kijana mwenye usonji (kwa Kiingereza, autism), ambaye hisi zake hupokea mambo kwa nguvu kuliko za wenzake, anaweza kuisikia feni ya darasani kama ile mvua, kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye hakuna anayemngoja.

Marekebisho ndiyo huko kungoja, ila kumepangwa na kuandikwa. Ni badiliko katika mazingira, ratiba au taratibu za shule ili mwanafunzi mwenye ulemavu asome kwa usawa na wenzake, bila kuitwika shule mzigo uliopita kiasi. Maana hii inatokana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008. Mkataba huo unasema pia kwamba kumnyima mtu marekebisho ya aina hiyo ni ubaguzi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, nayo inampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, kadiri hilo linavyomfaa yeye.

Neno linalowakwamisha wengi ni upendeleo. "Nikimruhusu yeye kuziba masikio, wengine nitawaambia nini?" Swali ni la haki, na mwalimu mwenye wanafunzi hamsini ana sababu ya kuliuliza. Jibu langu ni hili: mwalimu wa hesabu anapima hesabu, hapimi nani anaweza kuvumilia feni. Maswali hayabadiliki, wala alama za kupita hazishushwi. Kinachoondolewa ni kile ambacho hakikuwa sehemu ya somo tangu mwanzo. Mwenye miwani haambiwi aivue ili awe sawa na wenzake.

Tukija kwenye hisi zenyewe, tumezoea kuhesabu tano, lakini shuleni kuna tatu zaidi zinazosumbua kimyakimya: hisi ya mizani, hisi ya kujua viungo vyako viko wapi, na hisi ya ndani inayokwambia una njaa, una kiu au unataka kwenda msalani. Kijana anaweza kuzidiwa na moja na asiipate nyingine kabisa. Huyo huyo anayeruka kengele ikilia huenda asihisi kiu mpaka kichwa kimuume, na hapa Mombasa mwezi wa Februari hilo si jambo dogo. Huyo anayechukia kuguswa begani huenda akawa ndiye anayejigonga ukutani na kutingisha mguu, kwa sababu mwili wake unataka uzito na mwendo ili utulie. Mwalimu akiona hivi viwili kwa mtoto mmoja hudhani ni utundu.

Wakizidiwa, wengine hulipuka kwa kilio au kukimbia nje. Wengine hujifunga: kichwa juu ya dawati, hajibu, hasikii. Aina ya pili hupata adhabu zaidi, maana hufanana na kiburi. Na hapa nikumbushe tu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kikatili, ya mwili na ya kisaikolojia pia, hata kwa yule aliyemkera mwalimu kweli kweli.

Kwa kijana wa miaka kumi na nne au kumi na tano kuna jambo jingine. Huyu si mtoto wa chekechea atakayelia mbele ya watu. Ameshajifunza kujikaza kisabuni. Atavumilia gwaride la asubuhi, tetroni ya suruali inayomkwaruza, harufu ya maharagwe kutoka jikoni, na taa ya tyubu inayopepesa, kisha afike nyumbani apasuke. Mama akienda shuleni huambiwa, "Mama, kijana wako hapa hana neno." Nilikaa katika kikao kimoja kama hicho, kumsindikiza jirani. Mwalimu hakuwa akisema uongo. Alichokiona ndicho alichosema. Kilichosaidia ni daftari la mama, alimoandika kwa wiki mbili kijana amerudi saa ngapi, siku ile kulikuwa na nini, na ilimchukua muda gani kutulia. Siku mbaya zote zilikuwa siku za michezo na siku ya mwisho ya juma la masomo, ambapo shule nzima hukusanyika pamoja.

Ndiyo maana nasema ombi la jumla halifai. Ukisema "mwanangu hapendi kelele", mwalimu hana la kufanya. Ukisema anazidiwa na kengele ya chuma inayogongwa nje ya dirisha la darasa lake, basi marekebisho yamejileta yenyewe: akae upande wa pili, au aoneshwe saa ajue inalia lini, au aruhusiwe kuvaa vifuniko vya masikio dakika hizo. Mengi hayana gharama. Kutoka darasani dakika tano kabla ya msongamano wa mlangoni. Kadi mezani anayoiweka wima akitaka kutoka, bila kuinua mkono na kujieleza mbele ya darasa. Kona ya maktaba anakokwenda kutulia kwa dakika kumi, na mtu mmoja anayejua yuko huko. Chupa ya maji na ratiba ya kunywa, asisubiri kiu. Sare ya rangi ile ile lakini ya pamba, lebo imekatwa. Kwa msichana, hijabu ya kuvaa kichwani mara moja isiyohitaji pini. Anayevuka feri ya Likoni na kisha kupanda matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo amefika shuleni ameshachoka. Kumsamehe gwaride ni kumpa robo saa ya kurudi katika hali yake.

Mengine hayana jibu rahisi. Feni ikizimwa, yeye anasoma, lakini wenzake hamsini wanaloa jasho. Hapo haki ya mmoja imegongana na ya wengi, na kukaa mbali na feni pamoja na vifuniko vya masikio ndiyo suluhu ya nusu inayopatikana.

Njia ya kuomba huanzia kwenye tathmini. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, maarufu kama EARC, vilivyoanzishwa 1984 na vilivyo chini ya Wizara ya Elimu. Ripoti yao ndiyo inayotoa suala hili kwenye maneno ya mama na kuliweka kwenye faili. Wapo wanaofika huko baada ya miaka ya kuzunguka kwa mashehe na kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Simcheki mtu, kila mmoja hushika alichokiona karibu. Ila ripoti isichelewe, hasa mtihani wa kitaifa ukikaribia. Muda wa ziada na mipango mingine ya mtahiniwa mwenye mahitaji maalum huombwa kwa KNEC, baraza la mitihani la taifa, kupitia shule, wakati wa kusajili watahiniwa. Wiki ya mtihani hakuna wa kukusikiliza.

Ukiwa na ripoti, omba kikao na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Kijana naye awepo, au angalau aulizwe kabla. Ukimletea vifuniko vikubwa vya rangi nyekundu asivyovitaka, vitaishia chini ya begi. Pengine angechagua kutoka kimya kimya badala ya kuonekana tofauti, na yeye ndiye anayezijua hisi zake.

Kuna pia kinachoitwa marekebisho na kumbe sicho. Kumpigia mama simu kila Jumatano aje amchukue, hapo shule imeyakwepa masomo yake. Kumweka peke yake ofisini muhula mzima ni kumtenga. Kumtaka mzazi akae darasani kutwa kama sharti la kumpokea ni kumrudishia mzazi kazi ya shule.

Mkikubaliana, karatasi moja inatosha: tatizo, badiliko, nani anahusika. Chini yake iwekwe tarehe ya kukutana tena, na isivuke muhula. Mpango ulioandikwa Julai, wakati wa kusi na baridi kidogo, darasa likiwa linapata upepo, hautafaa Januari kaskazi ikivuma na madirisha yote yakiwa wazi kuelekea barabara ya tuktuk.