Neno la Kiingereza "priest": mzee aliyebebeshwa jina la kuhani

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hapati shida kumtofautisha kuhani, aliyetoa dhabihu katika hekalu la Yerusalemu, na mzee wa kanisa, aliyewekwa kulichunga kundi la waumini. Kwa Kiingereza jambo hilo lina utata, kwa kuwa neno "priest", ambalo kwa asili lina maana ya mzee, ndilo linalotumika kumtaja kuhani.

Chimbuko lake ni neno la Kigiriki presbyteros, yaani aliye mzee kuliko wengine. Kilatini cha Kanisa kililichukua likawa presbyter, na Waingereza wa kale walipoupokea Ukristo wakalifupisha kuwa prēost. Ndugu yake ni prêtre la Kifaransa. Na Wapresbiteri, ambao makanisa yao huongozwa na wazee, wamepata jina lao hapo hapo.

Kuhani alikuwa na maneno yake mwenyewe: hiereus kwa Kigiriki na sacerdos kwa Kilatini. Agano Jipya humwita hiereus kuhani wa Kiyahudi, na katika Waraka kwa Waebrania humwita hivyo Kristo, lakini kiongozi wa kanisa halimpi cheo hicho mahali popote. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na neno sacerd, lililotokana na sacerdos, na watafsiri wa Injili walilitumia kwa makuhani wa Wayahudi. Neno hilo lilikufa, na "priest" likabaki peke yake na mizigo miwili.

William Tyndale, Mwingereza aliyeitafsiri Biblia, alijaribu kuitenganisha. Katika Agano Jipya lake la mwaka 1526 alilitafsiri presbyteros kwa neno "senior", kisha mwaka 1534 akaweka "elder", yote yakiwa na maana ya mzee. Thomas More, mwanazuoni Mwingereza aliyelitetea Kanisa Katoliki, alimshambulia vikali, na kwa upande wake alikuwa na sababu: ikiwa padri ni mzee tu, mamlaka yake ya kutoa sadaka ya misa altareni yamesimama juu ya nini?

Kiswahili chenyewe hakikuepuka mkondo huu kabisa. Padri lilitoka kwa Wareno, kwa maana ya baba. Lakini kasisi, tulilolipata kwa Waarabu, linatokana na qashisha la Kisiria, lugha ya kale ya Wakristo wa Mashariki ya Kati, ambalo maana yake, kama ile ya presbyteros, ni mzee.